SOMO LETU: Kichaka cha Novemba na Baridi ya Julai



Somo la toleo hili ni la vichaka: kaliandra ya kulisha ng'ombe, kayaba ya kufunga ua, mforosadi, matunda damu, na vingine vya namna hiyo ambavyo familia nyingi za Mutuini hupanda mvua za vuli zikianza. Hatuzungumzii miti mirefu ya mbao. Tunazungumzia vimea vya kimo cha mtu, vinavyoweza kukaa katika ploti ndogo bila kumnyima mwenye ploti mahali pa kujenga choo. Tutaitaja kaliandra mara nyingi kuliko vingine kwa sababu ndiyo tuliyowagawia watu, na ndiyo iliyotufundisha adabu.

Mtakumbuka kwamba tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili kila mtu apande miti. Lengo lilikuwa limekwisha kutangazwa Desemba 2022: miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nasi hatukutaka kubaki nyuma. Tulipeleka miche kwa jumuiya ndogo ndogo, tukachimba, tukaimba, tukapiga picha, tukanywa chai, kisha tukarudi ofisini kuandika ripoti. Idadi ya miche iliyopandwa tuliiandika vizuri sana. Idadi ya miche itakayoishi hatukuwa na mahali pa kuiandika, maana fomu haikuwa na nafasi hiyo.

Mvua haikuwa shida. Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya El Niño, na masika yaliyofuata, Aprili na Mei 2024, ndiyo yale ya mafuriko. Kila tulipopita barabarani tuliona kijani nyuma ya ua za watu tukafurahi. Halafu gathano ikaingia na mawingu yake. Mwezi wa nane tulipozunguka nyumba kwa nyumba tulikuta vijiti. Vingine vilikuwa vyeusi, vingine vikavu kabisa, vingine vimebaki na majani mawili ya njano huko juu. Tukiuliza, jibu lilikuwa moja kila boma: "Ni baridi."

Tukaamini. Tukaanza kung'oa ili mistari iwe safi, tupande mingine vuli ikija. Tulipofika boma moja karibu na bonde, shosho mwenye boma alitoka jikoni akatusimamisha.

"Mnafanya nini hapo, watoto wangu?"

"Tunaondoa hizi zilizokufa, Shosho. Tutakuletea zingine mwezi wa kumi."

"Ni nani amewaambia zimekufa?"

Akainama, akashika kijiti kimoja karibu na ardhi, akakwaruza gome kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome kulikuwa na kijani kibichi, chenye maji. Akasogea kwa cha pili, kijani tena. Cha tatu kilikuwa cha kahawia hadi ndani. "Hiki ndicho mnaweza kuchukua," akasema. "Hivi vingine vimelala gathano. Waacheni."

Tulirudi kwenye mkokoteni wetu tukakwaruza vile tulivyokuwa tumeng'oa katika maboma yaliyotangulia. Hatutawaficha: si vichache vilivyokuwa na kijani. Baridi ilikuwa imeviacha hai, na sisi, wafanyakazi wa maendeleo, ndio tuliomalizia. Tangu siku hiyo tumejifunza mambo ambayo tungependa jumuiya zote ziyajue kabla ya kupanda tena.

BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI

Kwanza tuelewane juu ya neno. Watoto wetu husoma shuleni kwamba Ulaya kuna majira manne, na lile la majani kudondoka vitabu huliita vuli. Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, zile ambazo wazee wa hapa waliziita mvua za mwere. Neno ni moja, hali ni mbili. Hata hivyo mkulima wa Uingereza na mkulima wa Mutuini hupanda vichaka katika vuli kwa sababu ileile: udongo bado una joto, maji yapo, na mizizi hupata nafasi ya kushika kabla ya siku ngumu.

Baada ya hapo njia zao zinaachana. Kule kwao vichaka vingi hupukutisha majani na kulala usingizi mzito, na vikiisha kulala vinaweza kustahimili hata baridi ya kugandisha maji. Vichaka vyetu havijui usingizi huo. Shosho alisema vimelala, nasi tunakubali, lakini ni usingizi wa mang'amung'amu. Kaliandra hubaki na majani yake mwezi wa saba. Inaendelea kupumua na kutumia chakula, na huku jua halionekani kwa siku nyingi mfululizo, kwa hiyo haitengenezi chakula cha kutosha. Ni kama mtu aliyepoteza kibarua lakini mwenye nyumba bado anataka kodi kila mwezi. Aliyekuwa na akiba atavuka. Akiba ya kichaka iko katika mizizi na shina, na huwekwa kuanzia siku ya kupandwa.

Mutuini iko zaidi ya meta 1,800 juu ya bahari, kusini kidogo mwa ikweta. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nayo ikipanda huku kwetu hugeuka yale mawingu ya chini tunayoyajua, na manyunyu yasiyojaza hata ndoo. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12, mara nyingine chini ya hapo. Hiyo ni baridi ya kutafuta sweta, si ya kugandisha maji. Kaliandra yenye afya hukua hata kwenye meta 2,000. Peke yake baridi hii haiui. Basi kilichoua ni nini?

TULICHOKIONA CHINI YA ARDHI

Ili tujue, tulichimba. Safari hii tulichimba vile vilivyokuwa vya kahawia hadi ndani, kwa ruhusa ya wenyewe, tukavitoa na udongo wake wote tukavichunguza kama daktari anavyochunguza maiti.

Vingi vilikuwa na mizizi iliyojiviringa kama uzi wa sweta iliyofumuliwa. Vilikuwa na miezi minane ardhini, na mizizi ilikuwa bado na umbo la karatasi ya kitalu. Katika mashimo mawili tulikuta karatasi yenyewe! Mtu aliambiwa "panda," akapanda kila kitu. Na lawama si yake. Siku ile ya Novemba tulikuwa na haraka, wapiga picha walikuwa wanangoja, na hakuna aliyeonyesha watu namna ya kuchana karatasi. Tena miche yenyewe ilikuwa imekaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi, mizizi ikazunguka humo ndani kama ng'ombe kwenye boma dogo. Mche wa namna hii huishi vizuri masika, maana maji yako kila mahali. Baridi ikifika, mizizi inayofyonza polepole haiwezi kuulisha mwili wote.

Vingine vilikuwa vimeoza shingoni. Shingo ya mche ni pale shina linapokutana na udongo. Tulikuta matandazo ya nyasi yamerundikwa hadi kukumbatia shina, na chini yake gome lilitoka kwa kidole kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Hiyo ni kazi ya kuvu, na kuvu hupenda baridi yenye unyevu bila upepo. Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema. Alisikia kwamba matandazo huhifadhi unyevu, na Februari ni kweli, unyevu ni dawa. Julai unyevu uleule shingoni ni ugonjwa.

Huko bondeni, upande wa kijito, tulikuta jambo la tatu. Juu kwenye mgongo wa kilima tuna udongo mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji. Chini kuna udongo mweusi wa kunata. Mashimo yalichimbwa udongo ukiwa umelowa, jembe likapiga lipu kuta za shimo, na shimo likawa sufuria. Mafuriko ya Aprili yaliijaza, manyunyu ya Juni yakaizuia isikauke. Mizizi huhitaji hewa jinsi inavyohitaji maji. Tulipoinua vichaka hivyo, mizizi ilikuwa myeusi na ilinuka kama mtaro.

Hayo matatu ni makosa ya siku ya kupanda, ila hilo la matandazo. Lakini vichaka vilivyotuumiza zaidi vilikuwa na mizizi mizuri, mirefu, iliyonyooka. Vilikuwa vimekatwa juu.

PANGA LA MWEZI WA SABA

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, kwa sababu hili si jambo la ujinga. Ni jambo la njaa.

Familia yenye ng'ombe mmoja wa kufungiwa hutegemea nepia. Nepia hukua vizuri masika. Gathano ikiingia, nepia hudumaa. Uliyoikata Juni inaweza kukukodolea macho Agosti ikiwa bado ya kimo cha goti. Ng'ombe naye hajui mwezi. Maziwa yanapungua, na ni hayo maziwa ya asubuhi yanayouzwa kwa majirani yanayolipa sare ya shule na mkopo wa kikundi. Mama anatazama kandokando ya ua, anaona mstari wa kaliandra, kijani, laini, miezi minane. Ameambiwa na sisi wenyewe kwamba ni chakula kizuri. Atafanya nini? Anachukua panga.

Na ni kweli ni chakula kizuri. Majaribio yaliyofanywa upande wa Embu katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo moja ya unga wa ng'ombe wa dukani. Ng'ombe mmoja akipewa kilo sita kwa siku mwaka mzima, anahitaji vichaka 500 hivi. Sasa tupige hesabu ya Mutuini. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300, yaani karibu meta 91. Ukipanda mistari miwili, nafasi ya nusu meta kati ya mche na mche, na kuacha mahali pa geti, unapata vichaka kama 350. Hiyo ni theluthi mbili ya mahitaji ya ng'ombe mmoja, na hujagusa hata hatua moja ya shamba la mboga. Si jambo dogo kwa mtu ambaye baba yake alikuwa na ekari, na yeye amebaki na thumni.

Lakini mkato wa kwanza una masharti. Kaliandra hukatwa mara ya kwanza ikiwa na umri wa miezi tisa hadi kumi na miwili, imeshapita kimo cha kifua, na hukatwa kwa urefu wa sentimita 60 hadi meta moja kutoka ardhini, pabaki shina lenye macho ya kuchipua. Iliyopandwa katikati ya Novemba inatimiza miezi tisa katikati ya Agosti. Hesabu ni hiyo! Umri wake wa kukatwa unaangukia ndani ya baridi, na njaa ya ng'ombe inautangulia kwa mwezi mzima. Vile tulivyokuta vimekufa vilikatwa Julai, karibu na ardhi, na vingine vilikatwa mara mbili. Kichaka kikikatwa hutumia akiba yake kuchipua. Machipukizi hutoka laini, jua hakuna, ukungu unayashika, yanaanguka. Kinajaribu tena kwa akiba iliyobaki, na ya tatu hakuna.

Tunachopendekeza ni hiki: mwaka wa kwanza usiguse kaliandra hadi mvua za vuli zinazofuata zianze, hata kama imefika umri. Ng'ombe wa Julai alishwe kwa kazi ya Mei. Masika nepia huwa nyingi kuliko ng'ombe anavyokula. Hiyo ya ziada ikatwe vipande vidogo, inyunyiziwe maji ya molasi kidogo, ishindiliwe ndani ya gunia kubwa la plastiki lisilo na tundu hadi hewa yote itoke, lifungwe kabisa. Baada ya majuma manne hadi sita iko tayari, na ikibaki imefungwa hukaa hadi baridi iishe. Anayeona kazi hiyo ni kubwa ajiwekee matawi ya viazi vitamu, mabua ya mahindi na vigogo vya migomba. Hivyo si chakula cha kuleta maziwa mengi, tukubali. Vitamvusha ng'ombe.

Na hata mwaka wa pili, kaliandra isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, na ipewe ikiwa mbichi. Ukiiacha inyauke ng'ombe haipendi sana na haimfaidi vilevile.

Mbuzi wa jirani hatutamzungumzia. Kila jumuiya inamjua wake.

SIKU YA KUPANDA

Shimo lichimbwe Septemba, udongo ukiwa mkavu, sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, wa chini upande mwingine. Mahali pa udongo mweusi, usichimbe shimo. Inua tuta, upande juu ya tuta. Au achana na kaliandra hapo chini, upande sesbania, ambayo huvumilia miguu kulowa. Lusina ile ya kawaida hatuishauri huku kwetu, inapenda mahali pa joto zaidi. Mforosadi hauna maneno mengi, ukichomeka kijiti kinashika. Kayaba ni mvumilivu zaidi ya vyote na miiba yake haihitaji mlinzi, ila ni ya polepole, usiitegemee kufunga ua mwaka huu wala ujao.

Mvua ikinyesha mara mbili au tatu nzuri, udongo ukalowa hadi chini ya shimo, panda siku hiyohiyo au kesho yake. Usingoje sikukuu. Vuli yetu ni fupi. Anayepanda mwisho wa Novemba huwa amebakiwa na majuma machache tu ya mvua kabla ya jua la Januari. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako hapa Dagoretti Corner, hatua chache kwa matwana, na utabiri wao wa vuli husomwa redioni kabla ya msimu. Tusikilize. Ni aibu mtu wa Turkana aufuatilie kuliko jirani yao.

Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, sehemu mbili kwa moja. Chana karatasi kwa wembe, iondoe yote. Ukiona mizizi imezunguka, pitisha wembe pande tatu kutoka juu hadi chini na ukate kitako cha udongo, unene wa kidole. Mtu huogopa kuufanyia mche hivyo, lakini usipokata hautanyooka. Shingo ibaki pale ilipokuwa kitaluni, isizame. Shindilia kwa ngumi, si kwa kiatu.

Januari na Februari mche mdogo unaweza kukauka. Weka matandazo, lakini yaache shina kwa nafasi ya kiganja. Maji kidogo ya kila siku huilea mizizi juu juu. Afadhali maji mengi mara moja kwa juma, yashuke chini, na mizizi iyafuate huko. Chupa kuukuu ya lita moja yenye tundu la sindano, iliyochomekwa kichwa chini, hufanya kazi hiyo mtu akiwa kazini.

KABLA YA JUNI

Baridi haishughulikiwi Julai. Julai ni mwezi wa kutazama tu. Kazi ni ya Mei, masika yakielekea kwisha.

Fungua matandazo, yasogeze mbali na shina, acha upepo uone shingo. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa mteremko ili maji yasisimame. Ng'oa magugu yaliyobana kichaka. Fatalaiza ya kukuza majani, kama CAN au yurea, usiiweke tena baada ya Aprili, wala samadi mbichi ya kuku. Hizo huleta majani mengi laini, na jani laini ndilo ukungu unaloanza nalo. Ukitaka kuongeza kitu, weka konzi moja ya majivu ya jikoni, uyatawanye mbali na shina. Yana madini ya potasi yanayosaidia kukomaza shina. Konzi moja. Kuna mtu tulimwambia majivu, akaleta karai.

Upande unaopigwa na upepo wa kusini-mashariki, mche wa matunda damu uwekewe kinga ya gunia au majani ya migomba hadi Agosti. Kaliandra haihitaji.

Ikifika Agosti na kichaka kinaonekana kimekufa, fanya kama shosho. Kwaruza kwa ukucha, anza juu, shuka chini. Kikiwa cha kahawia juu na kijani chini, kiache kama kilivyo, usikate hata ile sehemu kavu, hadi mvua za Oktoba zionyeshe kitakapochipukia. Ndipo ukate juu ya chipukizi la kwanza lenye nguvu. Vile vichaka vya shosho vilichipua kabla ya mwisho wa Oktoba, karibu na ardhi, vyekundu kidogo kama kaliandra inavyoanza. Tulikwenda kuvitazama, akatupa chai na hakusema neno juu ya mkokoteni.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, kuna ule mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe, na mtunzaji anaomba aachiwe mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutia mbolea. Tumeusikia mara nyingi kanisani kama neno juu ya toba, na ndivyo ulivyo. Lakini jumuiya zinaposhirikishana zinaweza kuona pia kwamba mtunzaji yule hakuomba mche mwingine. Sisi tulikuwa na miche mingine tele kitaluni, ndiyo sababu tuling'oa haraka.

KWA WALIO NA MASHAMBA LIMURU NA KINANGOP

Baadhi yenu mna wazazi au mashamba huko juu. Baridi ya huko ina hatari nyingine, nayo huja wakati msioutarajia, Januari na Februari, usiku mawingu yakiwa hayapo na upepo umetulia. Hiyo ni sakitu, ule weupe ulioganda juu ya majani alfajiri. Januari 2012 iliunguza chai na mimea mingine sehemu nyingi za nyanda za juu. Hewa baridi ni nzito, hushuka kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo panda mteremkoni, na ua wako usizibe njia yake upande wa chini. Udongo uliolowa mchana hutunza joto kuliko ulio mkavu. Mche mchanga ufunikwe jioni kwa nyasi au gunia lililoshikiliwa na vijiti lisiguse majani, na ufunuliwe jua likitoka.

FOMU MPYA

Jumuiya zitakazotaka miche vuli hii zitapewa, lakini fomu imebadilika. Ina nafasi tatu za kuhesabu: Desemba, Machi na Septemba. Miche haitatolewa kwa ajili ya siku moja ya sherehe. Itachukuliwa kitaluni mvua ikishalowesha udongo, na kila boma litaonyeshwa kukata karatasi kabla ya kupewa mche wa pili. Anayechukua ataje pia ng'ombe wake atakula nini Julai. Wengine wameuliza kama huo si udadisi wa mambo ya nyumba ya mtu. Labda ni udadisi, lakini sisi tumeona shimo na tumeona panga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Tembeleeni boma moja lililopanda Novemba 2023. Kwaruzeni. Vingapi vina kijani, na vilivyokufa viliuawa na nini: karatasi, matandazo, maji, panga au mbuzi?

2. Katika nyumba zetu, nani hupanda, nani humwagilia Februari, na nani hushika panga Julai? Je, watu hao huzungumza?

3. Jumuiya inaweza kukata nepia ya ziada pamoja mwezi wa Mei na kujaza magunia, kama tunavyosaidiana kwenye harusi na matanga? Molasi itanunuliwa na nani?

4. Kuna mzee au shosho katika jumuiya yenu anayejua mambo ya gathano ambaye hatujamuuliza?